Uso Uonekane

Afisa madai aliisukuma picha kwa ncha ya kalamu, kama hataki kuigusa kwa kidole, akasema, "Hapa naona shati, naona ndoo, naona mkanda wa mgongo. Uso uko wapi?"

"Uso ndio huo, mkuu," Jicho alijibu huku akiinama juu ya meza.

"Hilo ni doa."

Mtaani walimwita Jicho tangu alipoacha kupiga picha za harusi na mahafali na kuanza kutembea na kamera moja ya pua ndefu, ile ya kuvuta vitu vya mbali. Siku hizi alifanya kazi ya kampuni ya bima. Mfanyakazi akiumia na kudai fidia, Jicho hutumwa kumvizia. Atajificha mahali, siku tatu, siku nne, mpaka amnase yule mtu akibeba, akiinama, akimrusha mtoto juu, chochote ambacho mgonjwa wa mgongo hatakiwi kukifanya. Picha ikikubaliwa Jicho analipwa, na dai linakufa. Kazi ya namna hiyo ipo, na wanaoifanya wanaoga na kula kama watu wengine.

Safari hii aliyeviziwa alikuwa mpakiaji wa ghala la saruji. Rundo la mifuko lilimporomokea, akakaa hospitali miezi miwili, na daktari akaandika kwamba mtu huyu asibebe tena kitu kizito maisha yake yote.

"Kamati ya madai inakaa baada ya wiki mbili," afisa alisema. Alichomeka kifuniko cha kalamu sikioni, akakizungusha, akakitoa na kukitazama. "Wakili wake ataniuliza, una hakika ndiye? Nimwambie nini? Nina mtu mwenye shati linalofanana na lake?"

"Kamera imefika mwisho wake, mkuu. Inavuta mara thelathini tu. Ukiilazimisha zaidi ya hapo inakoroga kila kitu."

"Nunua inayovuta sitini, basi."

"Labda ofisi ingenisaidia kidogo..."

"Ofisi haimnunulii fundi nyundo." Afisa alifuta kifuniko kwenye suruali, akakirudisha kwenye kalamu. "Nataka uso uonekane. Kama huwezi, niambie leo nimpe mwenzako. Wako watatu wananipigia simu kila siku."

Jicho alisema anaweza. Alipofika mlangoni akageuka na kusema asante, ingawa hakuna alichopewa.

*

Mke wake alikuwa fundi cherehani. Alishonea ndani ya chumba chao cha mbele, nyuma ya pazia lililotenga kitanda cha mama yake, ambaye wote mle ndani walimwita Bibi kwa kuwa ndivyo wajukuu walivyomwita. Mke alikuwa ameweka akiba ya kununua mashine ya kufungia mapindo. Bila mashine hiyo kila sare aliyoshona ilimlazimu kuipeleka kwa fundi mwingine ikafungwe, na fundi huyo hakuacha kumsimanga.

"Nikopeshe hiyo akiba," Jicho alimwambia. "Nabadilisha kamera. Natoa ya zamani, naongeza juu."

"Hii uliyonayo ina ubaya gani?"

"Haitoi uso."

"Nioneshe."

"Picha za kazi haziruhusiwi kuoneshwa mtu."

"Basi na pesa zangu haziruhusiwi kutoka." Aliendelea kukanyaga pedali.

Jicho alijua mke wake akisema hivyo amemaliza. Akamtolea kamera, akamwekea kwenye picha ya kwanza, akamwonesha kitufe cha kusonga mbele. Alikuwa na hakika hatatambua kitu, maana nyuso zilikuwa zimekorogeka kweli.

Nyuso hakuzitambua. Lakini huyu mwanamke kula yake ni nguo. Kwenye kizingiti cha nyumba asiyoijua alikuwa amekaa mtu mwenye gauni la samawati lililofifia, mkono mmoja una maua madogo na mwingine maua makubwa, kwa kuwa kitambaa kilipungua na aliyelishona akaunga na kingine. Aliyelishona alikuwa yeye. Pembeni ya miguu ya mtu huyo kulikuwa na ndoo ya kijani yenye kifuniko cheupe, ndoo ambayo Jicho alimletea Bibi mwezi uliopita bila kuombwa, mpaka Bibi akazunguka nyumba kwa nyumba akiwaambia majirani kwamba mkwe wake ana moyo.

"Huyu ni mama," alisema.



Mke akabonyeza. Mwanamume mwenye mkanda juu ya shati ametoka ndani. Akabonyeza. Bibi anapunga mkono, anakataa. Akabonyeza. Mwanamume anashuka polepole, goti kwanza, mkono mmoja ukutani, kama watu wanavyofundishwa hospitali. Akabonyeza. Ndoo iko juu. Kisha ikaja nyingine ambayo ndoo imeshawekwa chini upande wa pili wa barabara na mwanamume ameegemea nguzo, mkono kiunoni, kinywa wazi.

"Hii ulimpelekea afisa wako?"

"Hiyo hawakuihitaji."

"Mama anajua?"

"Ajue nini? Nilimwambia tu njia ya nyuma ya maghala ina bomba lisilo na foleni. Uongo? Halina foleni."

"Na kupumzika pale mlangoni nani alimwambia?"

"Nilimwambia akichoka apumzike pale, wale watu wana roho nzuri."

"Na kweli wanayo," mke alisema, akasimama, akaenda mlangoni, akatema mate nje.

Alikumbuka mama yake akirudi na ndoo, akitweta na kucheka, akisimulia habari za kijana wa kule nyuma mwenye adabu, mgonjwa lakini hakubali kumwona mama mtu mzima akibeba. Mara nne amemsaidia. Jicho alikuwa anakaa hapo hapo, kwenye kiti kile, anakula, anasema Mungu ambariki.

"Una haya wewe?" aliuliza. "Nakuuliza kweli, si kwa hasira. Unayo hata kidogo?"

"Ada ya watoto inatoka wapi? Dawa za presha za huyo huyo mama yako zinatoka wapi? Unajua mimi nakaa wapi siku nzima? Lile jengo lisilokwisha, ghorofa ya tatu, watu wamelifanya choo. Nakaa juu ya mavi ya watu tangu asubuhi, natafuna mkate wangu humo humo. Kwa ajili ya nani?" Sauti yake ilishuka, ikawa ya kubembeleza. "Nisikilize, mama watoto. Ndiyo maana nataka kamera nyingine. Hii inanilazimisha nimtafute mtu wa kumvuta yule bwana aje mbele, kwenye mwanga, asimame. Nikiwa na ya mara sitini sihitaji mtu apite. Nakaa mbali, nangoja. Akibeba kwa hiari yake, shauri yake. Asipobeba, basi, ameshinda. Hapo dhambi iko wapi?"

Aliyapanga vizuri. Mke aliyapindua kichwani usiku na mchana kwa siku mbili akitafuta mahali yalipokuwa yameoza, na kila alipokaribia kupaona alikumbuka dawa za presha. Siku ya tatu alichukua mkoba wake. Alikuwa amejiridhisha kwamba anakwenda kumnusuru mama yake.

*

Muuza kamera aliipokea ile ya zamani kwa Jicho, mke wake akiwa pembeni, akaigeuza, akaisogeza karibu na uso, kisha akaiondoa haraka.

"Mzee, hii umekuwa ukiihifadhi wapi? Inanuka mkojo."

Wateja wawili waligeuka. Mmoja alicheka waziwazi. Jicho alisema labda ni mkoba, mkoba uliloa mvua.

"Mvua ya wapi hiyo?" muuzaji alisema, akaishika kwa karatasi kuanzia hapo. Alitaja bei ya kuinunulia, bei ya kutupa, na Jicho akaikubali bila kubishana ili tu iondoke pale juu ya kaunta.

Alioneshwa mbili. Moja ilivuta mara sitini na tano. Nyingine ilivuta kidogo zaidi ya ile ya zamani lakini muuzaji aliisifu kuwa ina jicho kubwa ndani, inakusanya mwanga. "Watu wanadanganyika na kuvuta," alisema. "Unavuta mbali halafu unaleta ukungu. Kama ni ndege, kama ni mpira, chukua yenye mwanga. Wewe unapiga nini?"

"Ndege," Jicho alisema.

"Basi unaweza kuwasogelea taratibu."

"Hawa hawasogelewi."

Muuzaji akampa mke ile ya sitini na tano, akamwambia asimame mlangoni aangalie mwisho wa barabara. Mke aliinua, akavuta. Mwisho wa barabara kulikuwa na bucha ambayo kwa macho ya kawaida ilionekana kama kisanduku chekundu. Sasa bucha ilimjia usoni. Alimwona muuza nyama akichokonoa uchafu wa kucha kwa ncha ya kisu, akakifuta kwenye aproni, akakata kipande cha ini na kumfungia mteja, huku akitabasamu. Mkono wa mke ulikuwa ukitikisika lakini picha ilitulia. Aliziona hata nywele za vidole vya yule bwana. Mwanzoni alicheka. Halafu akawaza kwamba hapo aliponunua nyama juzi ndipo hapo, na yule bwana hajui kabisa kama kuna mtu anamtazama kucha zake.

"Inafaa," alisema, akafungua mkoba. Jicho alimwambia asante mara tatu njiani, na kila mara mke aliangalia upande mwingine.

*

Jumatano asubuhi Bibi alikuwa akisuuza ndoo yake ya kijani. Alikuwa amefunga mayai matatu kwenye kitambaa.

"Nampelekea yule kijana wa kule nyuma," alisema. "Wiki nzima mmenizuia, mara kesho, mara mvua. Atadhani nimekufa."

"Mama, usipite tena kule."

"Kwa nini?"

Binti yake alikuwa na uongo wa kutosha kinywani, hata ameuchagua mmoja. Lakini hakuwahi kumdanganya mama yake akiwa amemtazama, na mama alikuwa amemtazama. Akamwambia. Alimwambia kuhusu bomba, kizingiti, ndoo, jengo lisilokwisha, kampuni, na kamati inayokaa wiki ijayo. Bibi alisikiliza akiwa ameinama vile vile juu ya ndoo.

"Wewe umejua lini?"

"Wiki iliyopita."

"Na ile kamera mpya mmenunua lini?"

"Jumamosi."

"Kwa pesa ya nani?"

Bibi akaimwaga ile ndoo, akaifunika, akaisukumia kwa mguu hadi kwenye kona ya ua. Aliingia ndani akavaa gauni lake zuri na viatu. Alipotoka hakuuliza ruhusa wala hakuaga.

Binti alimpigia Jicho simu mara tano. Jicho akiwa kazini huzima simu, isije ikalia.

*

Mpakiaji alikuwa amekaa kwenye benchi nje ya mlango wake, mgongo umenyooka ukutani. Mke wake alikuwa sokoni. Alipomwona Bibi alianza kucheka.

"Bibi, leo bila ndoo?"

"Bila ndoo, mwanangu. Na laiti nisingekuja nayo hata siku moja."

Alimwambia akiwa amesimama. Alimwambia yote, hata mahali ambapo picha zilipigiwa, akanyoosha mkono kuelekea jengo lisilokwisha bila kugeuka kulitazama. Hakujua kwamba muda huo huo mkwe wake alikuwa humo, ghorofa ya tatu, kitambaa kimefungwa puani kwa ajili ya harufu, kamera mpya imewekwa juu ya tofali.

Jicho alikuwa amemwona tangu alipokata kona. Kamera ilimtambua hata kabla yake, ikachora kile kisanduku chake kidogo kuuzunguka uso wa Bibi. Hapo alisita. Aliondoa jicho kwenye kamera, akajifuta jasho, akawaza kufungasha na kwenda zake. Maneno hakuyasikia, umbali ulikuwa mkubwa. Aliona tu midomo ya mama mkwe wake, mikunjo yake, na maji yanayomtiririka mashavuni, kila kitu waziwazi, maana kamera ilikuwa nzuri kweli.

Kisha Bibi akapiga magoti kwenye vumbi.

"Usinifanyie hivyo," mpakiaji alisema, na uso ukampauka. "Mama, inuka. Watu wataonaje, mama mtu mzima ananipigia magoti? Inuka, nakuomba."

"Nimekuuza, mwanangu. Nimekuuza kwa ndoo ya maji."

"Hukujua. Wewe hukujua. Inuka."

Hakuinuka. Alikuwa amemshika miguu, analia kwa sauti. Mpakiaji aliangaza macho huku na huku akitafuta mtu wa kumsaidia, hakuwepo mtu. Akajiegemeza ukutani, akasimama. Akashusha goti, mkono ukutani, akapitisha mikono chini ya kwapa za Bibi, akavuta pumzi, akamnyanyua wima mpaka akasimama.

Laiti ningeweza kusema kwamba Jicho alisita tena. Hakusita. Alishikilia kidole mpaka kamera ikapiga kumi na moja mfululizo.

*

Alipofika nyumbani alasiri, Bibi alikuwa akimaliza kusimulia.

"... akanambia nisilie, yameisha. Halafu nikamwona anashuka, analala chini ubavu pale pale mlangoni, jasho linamtoka. Nimemwita jirani, wamemwingiza ndani wanne, mmoja kwa kila mkono na mguu. Hata kulia hakuweza."

"Shikamoo, mama," Jicho alisema.

Bibi alimtazama, akatazama mkoba wa kamera begani kwake, akarudisha macho kwa binti yake. Shikamoo ile haikuitikiwa. Kwa miaka kumi na mmoja tangu amuoe binti yake haikuwahi kutokea.

Mke alimfuata chumbani.

"Ulikuwa kule?"

"Nilikuwa kazini."

"Ulimwona?"

Jicho alikalia kitanda, akaanza kufungua kamba za viatu. Mke aliuvua ule mkoba begani kwake, akaitoa kamera, akaiwasha. Hakuhitaji kutafuta. Nyuso mbili, karibu kabisa, zinagusana. Wa mama yake umelowa. Wa mpakiaji umekaza meno na mshipa wa shingo umesimama, lakini macho yake yanamtazama Bibi kwa upole, upole ambao mtu anaweza kuukosa nyumbani kwake maisha yote. Mke aliishika kamera mbali na kifua, kama imemchafua.

"Futa."

"Nitafuta."

"Futa sasa hivi, nikiona."

Jicho akaichukua, akabonyeza hapa na pale, kioo kikawa cheusi.

"Haya," alisema. "Umeridhika?"

Mke alijua kamera ikizimwa nayo huwa nyeusi hivyo hivyo. Angeweza kusema iwashe tena. Alisimama kidogo, akasikia Bibi akikohoa nyuma ya pazia, akakumbuka kwamba chupa ya dawa imebaki na vidonge vinne. Akasema, "Njoo ule," akatoka.

*

"Sasa hii ndiyo picha!" Afisa madai aliita wenzake wawili wa chumba cha pili waje waone. Walikuja na vikombe vyao, wakainama juu ya meza, wakasifu. Mmoja alisema unaweza kuhesabu hata ndevu zake. Jicho aliletewa kiti, kitu ambacho hakuwahi kuletewa pale, na akaulizwa kama anakunywa na sukari.

Wenzake walipoondoka afisa alivuta fomu, akaandika huku akisoma kwa sauti. "Mdai ameonekana akimnyanyua mtu mzima kutoka chini, bila msaada wa mtu yeyote." Akainua kichwa. "Huyu mama ni nani?"

"Mpita njia."

"Mpita njia, jinsia ya kike. Vizuri. Hapa wanataka uzito wa kilichobebwa. Unakadiria kilo ngapi?"

"Hamsini na nane," Jicho alisema.

Hakukadiria. Mwezi uliopita yeye ndiye aliyempeleka Bibi kliniki, na nesi aliposema avue viatu kabla ya kupanda mizani, Jicho ndiye aliyemshikia.

"Umetaja haraka," afisa alisema kwa kumsifu. Akaandika hamsini na nane, akamgeuzia karatasi atie sahihi, naye akatia.